Residensi ya wasanii Isle Royale: wiki mbili kibandani bila umeme wala bomba, nijipange vipi?

NjanoKijani ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Mnaoishi Marekani huenda mnaijua Isle Royale, hifadhi ya taifa iliyo kisiwani ndani ya Ziwa Superior, jimbo la Michigan. Kila kiangazi hifadhi ile huwapa wasanii wachache kibanda cha zamani cha mbao kiitwacho Dassler, karibu na rasi ya Scoville Point, wakae humo wiki mbili au tatu wafanye kazi. Umeme hakuna, bomba hakuna, choo ni cha shimo. Wanatoa mtumbwi, matandiko, vyombo vya kupikia na nishati ya jiko. Chakula na vifaa vya sanaa ni juu yako.

Nimepata nafasi, nusu ya pili ya Juni. Nachora mandhari kwa rangi za maji na za mafuta. Naishi Minneapolis, kwa hiyo nafikiria kupitia Grand Portage maana ndiko karibu zaidi kwangu.

Naomba msaada kwa wanaojua mazingira ya aina hii. Vifaa gani nibebe na kwa kiasi gani? Karatasi zitakaaje kwenye ukungu wa ziwa? Rangi za mafuta zitakauka kabla ya kuondoka? Maji ya kunywa napataje? Na ile kazi moja ambayo msanii huiachia hifadhi kama zawadi, nikishaitoa haki zake zinakuwa za nani? Sitaki majibu ya "enda tu utafurahia". Nataka ya kiufundi.

---

MizigoMepesi amejibu:

Hongera mkuu. Anza na boti, kwa sababu ndiyo itakayokwambia ubebe nini.

Grand Portage iko Minnesota na ni karibu nawe, kweli, lakini angalia boti inakushusha wapi. Kisiwa kina urefu wa kilomita zipatazo 72 na kibanda chako kiko ncha ya kaskazini-mashariki, upande wa Rock Harbor. Boti za Grand Portage zinafikia kwanza Windigo, ncha ya kusini-magharibi. Kutoka Windigo hadi Rock Harbor kwa miguu ni zaidi ya kilomita 60 za mawe na mizizi. Ipo boti ya upande huo, Voyageur II, inayozunguka kisiwa hadi Rock Harbor, lakini si ya kila siku, na ukikata tiketi ya boti nyingine ukidhani zote ni sawa utajikuta Windigo na masanduku yako. Njia iliyonyooka ni kuendesha gari hadi Houghton ukapanda Ranger III, meli ya hifadhi yenyewe, safari ya kama saa 6, au Copper Harbor ukapanda Isle Royale Queen IV, saa 3 na nusu hivi. Kwa mtu mwenye vifaa vingi ningesema Ranger III. Ni meli kubwa, na haisukwasukwi sana kama boti ndogo ziwa likichafuka. Ipo pia ndege ya kutua majini, ila kikomo chake cha mizigo ni kidogo na haibebi mafuta wala gesi ya jiko.

Kutoka gati ya Rock Harbor hadi Scoville Point ni kilomita 3 na kitu kwa njia ya miguu. Usipange kukokota toroli. Karibu ardhi yote ya kisiwa kile ni nyika iliyolindwa kisheria, na vifaa vya magurudumu haviruhusiwi njiani, isipokuwa kiti cha mlemavu. Kila kitu kinapanda mgongoni au kinaingia kwenye chombo cha majini. Waulize mapema wafanyakazi wa hifadhi kama wana utaratibu wa kukupelekea mizigo kwa boti. Hata kama upo, funga vitu katika mafurushi ambayo wewe peke yako unaweza kuyainua, yasizidi kilo 15 kila moja. Ndoo za plastiki za lita 20 zenye mfuniko wa kukaza zinafaa kuliko masanduku. Hazipitishi maji, panya hawazitoboi, na ukishatoa chakula zinakuwa viti, kisha ndoo za kuchotea maji.

Chakula: hesabu gramu 700 hivi za chakula kikavu kwa siku kwa mtu anayetembea, maana yake kilo 10 kwa wiki mbili, kisha ongeza siku tatu. Siku hizo tatu si anasa. Ziwa Superior likivuma boti haziji, nawe utasubiri hadi upepo ushuke. Unga wa ugali unafaa sana huko kwa sababu hauhitaji friji na unaiva kwa moto mchache. Acha maharage makavu, yanakula gesi, chukua dengu au choroko ambazo zikilowekwa asubuhi zinaiva ndani ya dakika 25. Dagaa wakavu ni wazuri, lakini wafunge ndani ya kopo la bati lenye mfuniko mgumu. Dubu hakuna kisiwani, na hilo linawafanya watu wazembee. Wapo mbweha na kindi, na mbweha wa kule wamezoea watu kiasi kwamba wanabeba viatu na mifuko mchana kweupe.

Simu usiitegemee kabisa. Kama una kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kibebe, na mwachie mtu wa nyumbani ratiba ya siku za kutuma "niko salama".

---

KaratasiNzito amejibu:

Mimi nijibu la rangi za maji tu.

Unyevu ndio utakaokuamulia kila kitu. Juni maji ya Superior bado ni ya baridi kali, hewa ya joto ikipita juu yake unapata ukungu unaoweza kukaa asubuhi nzima. Kwenye hewa ya namna hiyo rangi uliyopaka kwa maji mengi, ambayo nyumbani ingekauka ndani ya dakika 10, inaweza kukaa nusu saa na zaidi bado mbichi. Juu juu inaonekana imekauka kwa sababu mng'ao umeondoka. Lakini ndani ya karatasi bado kuna maji, na ukiweka tabaka la pili hapo, maji mapya yanasukuma chembe za rangi pembeni na unapata yale madoa yenye ukingo wa mikunjo kama koliflawa. Kipimo ni mgongo wa mkono. Gusa karatasi mahali pasipo na rangi kisha mahali penye rangi. Penye rangi pakiwa pa baridi zaidi, maji bado yanageuka mvuke, subiri.

Usikaushe juu ya moto wa jiko. Karatasi inajikunja upande mmoja, na gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji, kwa hiyo unaongeza unyevu ndani ya chumba kilekile. Dawa yake ni kuwa na vibao vitatu vinavyozunguka: cha kwanza kinakauka, cha pili unakichora, cha tatu ndicho cha michoro ya penseli.

Karatasi: chukua ya pamba tupu. Ya gramu 300 kwa mita ya mraba inajikunja ikilowa, kwa hiyo italazimika kubandikwa ubaoni kwa utepe wa gundi, na utepe wenyewe kwenye ukungu unabanduka. Ya gramu 640 haihitaji kubandikwa, unaibana kwa klipu nne tu. Tofauti ya uzito inabebeka. Karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76 ya gramu 300 ina uzito wa gramu 128 hivi, ile nzito ni 272. Ukichukua karatasi 10 nzito ni kilo 2 na gramu 700, ukazikata robo robo unapata vipande 40 vya sentimita 28 kwa 38. Kwa wiki mbili hizo zinatosha na kubaki.

Ubao wa plaiwudi unafyonza unyevu na kuurudisha kwenye karatasi kwa nyuma. Tumia ile plastiki nyepesi yenye mifereji ndani, ya mabango ya barabarani, iliyokatwa kwa kipimo cha karatasi na nafasi ya sentimita 2 kila upande. Karatasi ambazo hujatumia zikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na zilizochorwa zisiingie humo hadi uwe na hakika zimekauka. Karatasi mbichi ikifungiwa kwenye plastiki inaota ukungu, na gundi ya juu ya karatasi ikiharibika utaona siku ya kupaka: rangi inazama papo hapo na kuacha vitone vyeusi vyeusi visivyofutika.

Rangi zenyewe chukua chache. Miamba ya pale ni basalti, kijivu cheusi, na juu yake kuna kuvu-mwani (lichen, ule utando unaoota juu ya mawe) wa rangi ya chungwa kali ajabu. Kijivu hicho usikitoe kwenye tyubu. Changanya bluu ya altramarini na sienna iliyochomwa (kahawia-nyekundu), kwa sababu altramarini ina chembe nzito zinazotua kwenye mashimo ya karatasi, na doa linalobaki lina uchakavu uleule wa jiwe. Lile chungwa liache karatasi nyeupe kwanza, ulipake mwisho likiwa safi. Ukilipaka juu ya kijivu linakufa. Kwa misonobari chukua kijani cha ftalo ukivunje kwa sienna hiyohiyo. Hapo una rangi tatu, ongeza njano moja ya baridi, okra, na nyekundu moja ya kwinakridoni. Sita zinatosha mandhari yote ya pale.

Mbu na inzi weusi wako wengi sana mwezi Juni. Wanatua kwenye rangi mbichi na kukwama. Usimwondoe akiwa hai, ataburuza miguu. Ngoja rangi ikauke, mbandue kwa ncha ya kisu. Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha plastiki na baadhi ya vanishi, kwa hiyo ipake mwilini, nawa viganja, ndipo ushike paleti.

---

NjanoKijani ameandika:

Asanteni sana, hasa hilo la Windigo. Nitapitia Houghton. KaratasiNzito, umeniokolea karatasi nyingi. Sasa upande wa rangi za mafuta, au niachane nazo nibebe akriliki?

---

FundiKanvasi amejibu:

Usiachane nazo. Ila panga kukauka na kusafisha kabla hujapanga picha.

Tapentaini na mfano wake ningeviacha nyumbani ningekuwa wewe. Ni kimiminika kinachowaka, mizigo yake ina masharti kwenye boti na ndege, na kibanda cha mbao chenye dirisha dogo na jiko la moto si mahali pa mvuke ule. Kuna njia mbili. Moja ni rangi za mafuta zinazochanganyika na maji. Ya pili ni rangi zako za kawaida, lakini brashi unazisafisha kwa mafuta ya alizeti-rangi (safflower) au ya kitani: futa rangi kwa karatasi, chovya kwenye mafuta, futa tena, rudia hadi karatasi itoke safi, kisha sabuni ya kipande na maji mbali na ziwa.

Hapo nisisitize jambo la matambara, kwa sababu nyumba zimeungua kwa hili. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji, yanakauka kwa kuvuta oksijeni, na mchakato huo unatoa joto. Tambara likitandazwa, joto linatoka. Likifinyangwa na kutupwa kwenye ndoo, joto linabaki katikati, linaharakisha uvutaji, linazidi kupanda, na baada ya saa kadhaa tambara linawaka lenyewe bila kiberiti. Kwa hiyo kila jioni, kila tambara na kila karatasi yenye mafuta inaingia kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Kopo linakaa nje ya kibanda, na mwisho wa safari linaondoka na wewe.

Kukauka: umba (umber, rangi ya udongo ya kahawia) ni ya haraka kwa sababu ina manganizi, inaweza kushikika baada ya siku mbili. Sienna inafuata. Kadmiamu na nyeupe ya titani iliyosagwa na mafuta ya alizeti-rangi zinachelewa, wiki nzima au zaidi kwenye baridi. Ukitumia nyeupe ya alkidi badala ya titani ya kawaida, kila mchanganyiko wenye nyeupe ndani yake unashikika baada ya siku moja au mbili. Hiyo pekee inatatua sehemu kubwa ya tatizo, kwa sababu kwenye mandhari nyeupe inaingia karibu kila mahali. Paka nyembamba. Picha nene ziwe za wiki ya kwanza.

Badala ya kanvasi za fremu chukua vibao vya milimita 3, sentimita 20 kwa 25, vilivyopakwa jeso (rangi nyeupe ya msingi) pande zote mbili pamoja na kingo, maana ubao uliopakwa upande mmoja tu unapinda ukipata unyevu. Kimoja kina gramu 90 hadi 120. Vibao 16 havifiki kilo 2. Sanduku la kubebea vikiwa vibichi linatengenezwa nyumbani: mbao mbili zenye mifereji ya milimita 7, kila mfereji unameza vibao viwili mgongo kwa mgongo. Kama huna msumeno wa kutoboa mifereji, kata vipande vya kizibo vya unene wa milimita 5, bandika kwenye kona nne za kila kibao, panga kimoja juu ya kingine na ufunge kwa mpira. Kona zitapata alama ndogo, utazigusia nyumbani.

Kuhusu akriliki: chembe zake za plastiki zinahitaji joto ili zishikane ziwe ngozi moja. Chini ya nyuzi 9 hivi za Selsiasi hazishikani vizuri, na asubuhi za Juni kando ya Superior zinaweza kuwa chini ya hapo. Picha inaonekana imekauka, baadaye inapasuka au inatoka unga ukiifuta. Ukiitumia, chora mchana. Na maji ya kusuuzia akriliki ni maji ya plastiki, hayamwagwi ziwani wala kichakani. Futa brashi kwanza kwa karatasi hadi iwe karibu kavu, tumia makopo mawili, acha la kwanza litulie usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tope likaushe uondoke nalo.

---

KaratasiNzito amejibu:

Naheshimu maelezo ya Fundi, ila sikubaliani na kubeba vyote viwili. Mtu aliyebeba vifaa vya aina mbili anatumia asubuhi kuamua, na pale mwanga mzuri wa chini ni wa saa chache. Mkuu, chagua mafuta au maji kiwe kazi kuu, kile kingine kiwe daftari dogo la mfukoni.

---

FundiKanvasi amejibu:

Hapo tuko pamoja.

---

Kafi amejibu:

Naona maji ya kunywa na mtumbwi vimerukwa, na hivi ndivyo vinavyoweza kukuumiza.

Ziwa linaonekana safi, na kwa macho ni safi kweli. Lakini kisiwani wamo mbwa mwitu na musi, yule mnyama mkubwa jamii ya kulungu mwenye pembe pana bapa, na watafiti wamekuwa wakifuatilia uhusiano wa wanyama hao wawili tangu 1958. Kati yao anazunguka mnyoo aina ya Ekinokokasi. Mbwa mwitu anatoa mayai yake kwa kinyesi, musi anayameza, anapata vivimbe vya maji ndani ya mapafu na ini, mbwa mwitu anamla musi, mzunguko unaanza upya. Binadamu akimeza mayai anashika nafasi ya musi. Wanaoijua Turkana wanaufahamu ugonjwa huo wa vivimbe, ni mnyoo wa ukoo huohuo. Vidonge vya klorini na taa za miale ya urujuanimno usivitegemee kwa mayai hayo. Kinachotakiwa ni kuchemsha hadi maji yatokote kwa nguvu dakika moja, au chujio lenye matundu ya mikroni 0.4 au madogo zaidi.

Kwa wiki mbili peke yako chujio la kuning'iniza linaokoa nishati nyingi. Hesabu lita 4 kwa siku za kunywa na kupika, na 5 nyingine za kuosha ambazo hazihitaji kuchujwa. Chota mahali penye kina, si kwenye ukingo wa majani. Acha ndoo itulie nusu saa, pitisha kwenye kitambaa cha pamba, ndipo yaingie chujioni. Mtu akiruka hatua ya kitambaa chujio linaziba siku ya nne. Kila jioni lirudishie maji kinyume kwa bomba la sindano. Na lisigande hata mara moja. Yale ya nyuzi zenye tundu yakiganda yanapasuka ndani bila kuonyesha, maji yanapita kama kawaida lakini hayajachujwa. Maji ya maziwa madogo ya ndani ya kisiwa yakiwa na utando wa kijani au kama rangi iliyomwagika, yaache kabisa, sumu ile haiondoki kwa kuchemsha wala kwa chujio.

Mtumbwi. Tobin Harbor ni ghuba ndefu nyembamba iliyokingwa, na humo ndimo mahali pako. Ukipita Scoville Point uko ziwa wazi, na mtumbwi usio na kifuniko haufai kuwa pale ukiwa peke yako. Maji ya Juni yanaweza kuwa nyuzi 4 hadi 8. Ukianguka, dakika ya kwanza unahema kwa nguvu bila hiari, na asiye na jaketi la kuokolea anameza maji hapohapo. Dakika kama 10 zinazofuata mikono bado inakutii, baada ya hapo huwezi kujivuta. Kwa hiyo jaketi linavaliwa, halikaliwi wala halifungwi kwenye kiti. Toka alfajiri, rudi kabla ya saa sita, maana upepo huamka mchana. Fuata ukingo kwa umbali ambao ungeweza kuogelea.

Mtumbwi wa watu wawili ukiupanda peke yako na kukaa kiti cha nyuma, mbele inanyanyuka na upepo unakuzungusha. Ugeuze: kaa kiti cha mbele ukitazama upande wa tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, hapo unakuwa karibu na katikati. Sanduku la rangi na ndoo ya maji weka mbele yako sakafuni kuleta uzani sawa. Piga magoti ukiona mawimbi. Michoro iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliofungwa kwa kamba kwenye mtumbwi, na kamwe usisimame ili upate pembe nzuri ya kuchora.

Musi mwenye ndama, na Juni ndio wakati wake, ni hatari kuliko mbwa mwitu. Akilaza masikio nyuma na manyoya ya mabega yakasimama, usibaki kumalizia mstari. Acha stendi ya kuchorea, weka mti mnene kati yenu.

---

SahihiYaMsanii amejibu:

Nimalizie upande wa haki.

Kwenye sheria ya Marekani kumpa mtu picha si kumpa hakimiliki. Ni vitu viwili. Hakimiliki inahama kwa maandishi yaliyosainiwa tu. Kwa hiyo barua ya makubaliano isome mstari kwa mstari kabla ya kusaini: je, inasema unatoa kazi pekee, au pia haki ya kuichapisha, au hakimiliki yote? Kama ni yote, unaweza kuomba kwa adabu iwe ruhusa isiyo ya pekee, yaani wao waitumie kwa elimu na mitandao yao, na wewe ubaki huru kuuza nakala. Kabla ya kukabidhi, ipige picha ya kiwango cha kuchapisha. Watu wengi wanasahau hatua hiyo na kazi inaishia ofisini wasiweze kuirudia. Kodi: msanii anayetoa kazi yake mwenyewe anaruhusiwa kukata gharama ya vifaa tu, si bei ya soko. Tunza risiti.

Kazi ya zawadi si lazima iwe ile ya kwanza kukauka. Ongea na mratibu kuhusu muda wa kukabidhi, kwa sababu picha ya mafuta inahitaji miezi 6 hadi 12 kabla ya vanishi ya kawaida, na kuikabidhi mbichi ni kuwapa mzigo.

Utatakiwa pia kukutana na wageni, kawaida mara moja kwa wiki. Wasikilizaji wako ni watembeaji wanaosubiri boti Rock Harbor. Usiandae hotuba. Weka karatasi moja yenye hatua nne za picha ileile, waachie brashi mbili tatu wajaribu. Dakika 40 zinatosha. Nje kuna upepo, kwa hiyo klipu ziwe nyingi.

Na yale yasiyoruhusiwa, kwa sababu wasanii wanayakosea kwa nia njema. Kuokota mawe, pembe za musi au mimea ni marufuku. Ina maana kusaga jiwe la pale upate rangi ya asili nako hakuruhusiwi bila kibali, hata kidonge kimoja. Kile kijiwe cha kijani chenye mchoro wa gamba la kobe, ambacho ni jiwe la nembo la Michigan, kiache ulipokiona. Usisugue karatasi juu ya mwamba wenye kuvu-mwani ili kupata alama zake, vinaota polepole mno na ukivibandua umeacha kovu la miongo. Droni hairuhusiwi kwenye hifadhi zote za taifa tangu 2014. Ukitaka sauti, kinasa sauti cha mkononi hakina shida.

---

NjanoKijani ameandika:

Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Mwisho kabisa: mwanga wa usiku na kuchaji kamera?

---

MizigoMepesi amejibu:

Juni hutahitaji mwanga mwingi. Kisiwa kiko nyuzi 48 kaskazini na kinatumia saa za mashariki, kwa hiyo jua linazama saa nne kasoro usiku na kuchomoza saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Tochi ya kichwani inatosha, ila usichanganye rangi kwa mwanga wake. Za bei rahisi zinapunguza nyekundu, na kesho yake utakuta picha imekuwa ya kahawia.

Kuchaji: pawabenki mbili za mAh 20,000, kila moja ni Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100 cha ndege. Betri ya kamera ni kama Wh 8 hadi 16, hivyo pawabenki moja, ukitoa upotevu, inaijaza mara tatu hadi sita. Sola ya kukunja ya wati 20 ni nyongeza tu, siku za ukungu haitoi kitu cha maana. Iunganishe na pawabenki, si moja kwa moja na kamera, kwa sababu wingu likipita kuchaji kunakatika na vifaa vingine havianzi tena vyenyewe. Usiku wa baridi lala na betri ndani ya mfuko wa kulalia.